Mtungi Uliobaki Mezani kwa Nyundo

Tarehe 9 Juni 2009 marehemu alipewa leseni ya kukagua mitungi ya gesi ya magari, ya kwanza kutolewa kwa mwanamke katika mkoa wake, na picha iliyobandikwa kwenye leseni hiyo inamwonyesha jicho la kushoto limevimba hadi kufumba. Siku mbili kabla yake mwenye teksi mmoja alimpiga usoni kwa kifuniko cha chuma, baada ya kuambiwa kwamba mtungi wake umeliwa na kutu kwa ndani. Mpiga picha wa ofisi ya leseni alimshauri arudi wiki ijayo, uvimbe ukishapungua. Marehemu alivuta kiti, akakaa, akanyoosha shingo.

“Piga tu, mdogo wangu,” alisema. “Hii ndiyo sura ya kazi yenyewe.”

Leseni imekwisha kubadilishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini ile ya kwanza bado imetundikwa kwenye ukuta wa karakana. Watoto wake walimsihi aishushe. Hakutaka. Alisema mteja akiliona jicho lile anaelewa mapema kwamba amekuja kwa mtu aliyekwisha kupigwa na hakubadili kauli.

Watu wengi waliokuja leo wanamjua kwa jina la Nyundo. Jina hilo alipewa na madereva, kwanza kwa ajili ya nyundo ndogo ya shaba aliyoitumia kugonga mitungi ili asikilize mlio wake, na pili kwa sababu hasira zake zilikuwa karibu. Familia haioni sababu ya kuficha jambo ambalo mji mzima unalijua. Alipiga na alipigwa. Hakupata kumwinulia mkono mtoto wala mtu dhaifu kuliko yeye. Wengine wote walijiangalia wenyewe.

Alizaliwa tarehe 2 Februari 1971, mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wake. Kaka yake alimtangulia kwa miaka minne. Baba yao alikuwa na mashine ya kusaga nafaka iliyoendeshwa kwa dizeli, na mashine hiyo na chumba cha watoto vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Marehemu alizoea kusema kwamba alijifunza kulala injini ikinguruma na kushtuka inapozimwa. Nguo zilizoanikwa uani zilirudi ndani na masizi. Mama yao alizikung’uta kabla ya kuzikunja, akabaki na viganja vyeusi. Ni moshi huohuo uliowasomesha watoto wote wawili, na marehemu hakuupuuza ukweli huo hata alipokuja kuwa adui mkubwa wa dizeli.

Mchana wa tarehe 14 Oktoba 1980 mkanda wa mashine ulinasa mkono wa shati la baba yao, ukamvuta, ukausaga mkono wa kulia hadi kiwiko. Injini haikusimama. Swichi ya kuzimia ilikuwa upande wa pili wa mkanda, na aliyekuwa amenasa katikati ni baba mwenyewe. Kaka alitoka nduki kwenda kuita watu. Marehemu, aliyekuwa na miaka tisa, alivua sweta la shule, akalisokomeza kwenye bomba linalovuta hewa, akalishindilia kwa ngumi. Alikuwa amewahi kumwona baba yake akifanya hivyo kwa gunia, siku injini ilipokataa kuzima. Mashine ilikohoa, ikatikisika kwenye misumari yake, ikafa. Watu walipofika walimkuta amekaa sakafuni amekipakata kichwa cha baba yake, na unga uliowazunguka umekuwa mwekundu.

Kesho yake alikwenda shule bila sweta, na mwalimu wa zamu akamchapa kwa kukosa sare. Mama yake alipomwuliza kwa nini hakujieleza, alijibu kwamba mwalimu hakuuliza.

Baba alipona akiwa na mkono mmoja, na mashine ikaendelea kusaga, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine ya kuwalisha. Tangu siku hiyo marehemu alimtania kaka yake kwa kumwita Mwita Watu. Kaka alicheka shingo upande. Hata alipoota mvi na kuwa mwenye mabasi matatu, dada yake hakumwita vinginevyo, na wafanyakazi wake waliosikia jina hilo walijua pa kucheka na pa kunyamaza.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985 na sekondari mwaka 1989, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kusomea mitambo. Walikuwa wasichana wawili darasani. Kijana mmoja alijenga mazoea ya kumfungia marehemu kwenye stoo ya zana na kuondoka na ufunguo. Mara mbili marehemu alisubiri afunguliwe. Mara ya tatu alichukua bisibisi za chuo, akafungua bawaba za mlango kwa ndani, akaunyanyua mlango mzima na kumwangushia yule kijana usoni aliporudi. Meno mawili yalitoka. Wote wawili walisimamishwa masomo kwa muhula mmoja, na marehemu akaamriwa aurudishe mlango mahali pake kabla ya kuondoka. Aliurudisha, na mafundi waliousimamia walikiri kwamba ulifunga vizuri kuliko zamani. Alihitimu mwaka 1993. Yule mwenye pengo ndiye aliyempasha habari kwamba kampuni ya mabasi inatafuta mafundi, nao walibaki marafiki. Yupo hapa leo, na ameiambia familia kwamba hadithi hii isimuliwe kwa usahihi: meno yalikuwa mawili, si matatu kama marehemu alivyopenda kujigamba.

Aliajiriwa na kampuni ya mabasi mwezi Januari 1994 kama fundi wa injini za dizeli. Kazi ilifanyika ndani ya shimo, basi likiwa juu ya kichwa, oili ikidondoka shingoni. Alasiri mabasi yalipowashwa kwa pamoja, gereji ilijaa moshi mzito kiasi kwamba mafundi waliitana kwa sauti ili wajue nani yuko wapi. Alipopiga chafya, kitambaa kilirudi cheusi kama enzi za mama yake.

Ndoa yake nayo ilianzia mle shimoni. Dereva mmoja, ambaye kwa uendeshaji wake wa pole aliitwa Taratibu, alikuja kulalamika kwamba basi lake limelazwa gereji kupita kiasi. Marehemu alimrushia kichujio cha oili kilichochakaa, kikampata kifuani na kuharibu shati jeupe la kazi. Taratibu aliondoka nacho. Siku iliyofuata alikirudisha kile kichujio kimesuguliwa hadi kinang’aa, akamkabidhi kwa mikono miwili, akasema ameona kimeanguka. Mafundi waliovunjika mbavu kwa kicheko siku hiyo ndio waliokuwa mashahidi walipofunga ndoa, Jumamosi tarehe 17 Agosti 1996. Walijaliwa watoto wawili: binti, aliyezaliwa mwaka 1998 na kurithi ufundi wa mama yake, na mwana wa kiume, aliyezaliwa mwaka 2002, ambaye ni muuguzi. Kichujio kile kipo kwenye kabati la vyombo sebuleni hadi leo. Taratibu anasema kwamba katika ndoa yao marehemu alipaza sauti kila wiki, alirusha vitu kila mwezi, na hakumlenga tena.

Mwaka aliojifungua binti yake ndio alioagana na baba yake. Mzee alikufa kwa kikohozi kilichomtesa kwa muda mrefu. Daktari alisema mapafu yamechoka. Marehemu alisema ni dizeli. Daktari hakuthibitisha hilo, na wasifu huu hauwezi kulithibitisha, lakini ni haki kuandika kwamba yeye aliamini hivyo, na kwamba maisha yake yaliyobaki yalijengwa juu ya imani hiyo.

Mwaka 2006 kampuni ilipoamua kugeuza baadhi ya mabasi yatumie gesi asilia, mafundi wenzake walikataa kugusa mitungi. Walisema hawakuajiriwa kukaa na mabomu. Marehemu aliinua mkono. Alijifunza kufunga mitungi, mabomba na valvu, na basi la kwanza lilipokamilika alifunga kitambaa cheupe kwenye bomba lake la moshi, kingine kwenye bomba la basi la dizeli, akaziacha injini zote mbili zingurume wakati wa chakula cha mchana. Halafu akavitundika vitambaa vyote viwili mlangoni kwa meneja.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kuipamba gesi. Aliwaambia waliomsikiliza kwamba gesi si malaika: inatoa hewa ya ukaa nayo, ila kidogo kuliko dizeli, na ikivuja kabla ya kuungua huharibu hali ya hewa kuliko moshi wenyewe. Faida yote, alisema, inakaa ndani ya bomba lisilovuja na mtungi usiopasuka. Aliita gesi nusu ya safari. Nusu iliyobaki aliiona kwenye mabasi ya umeme, na miaka yake miwili ya mwisho aliitumia kujifunza betri, akiwa na miwani puani na binti yake pembeni akimcheka kwa kubishana na kitabu. Alipoulizwa na mwandishi mmoja wa gazeti ni nishati ipi iliyo salama, alimjibu hivi: “Petroli inakuchoma, dizeli inakuua polepole, gesi inapasuka, betri inaungua hata ukiimwagia maji. Sasa niambie unataka kwenda wapi, nikwambie cha kuogopa.”

Kilichombadilisha kutoka mfungaji hadi mkaguzi kilitokea tarehe 22 Novemba 2008, mchana kweupe, kwenye kituo cha kujazia gesi. Mwenye teksi mmoja alikuwa amefungiwa kwenye buti mtungi wa gesi ya kupikia. Mtungi wa jikoni umetengenezwa kubeba msukumo mdogo. Gesi ya magari hushindiliwa kwa nguvu ya zaidi ya mara kumi ya huo. Aliyeufunga alipima ukubwa, akaona unaenea, akapaka rangi. Mjazaji alipofungulia, mtungi ulipasuka. Ulimkata mjazaji miguu yote miwili juu ya magoti, ukamuua mwenye teksi na mwanamke aliyekuwa akipita barabarani, na mlango wa nyuma wa gari ukaokotwa juu ya paa la duka la vifaa vya ujenzi. Mjazaji alikufa kabla ya kufikishwa hospitali. Marehemu, aliyekuwa foleni na basi la majaribio, ndiye aliyemfunga mapaja kwa mkanda wake wa suruali na kukaa naye.

Kisha umati uligeuka. Watu walivunja mashine ya kushindilia gesi, wakachoma magari manne yaliyokuwa foleni, na kumfukuza kwa mawe kila aliyevaa ovaroli. Marehemu hakukimbia kwanza. Alizunguka nyuma ya kituo na kufunga valvu kuu, mawe yakimwangukia, kwa sababu moto ule ungeyafikia matangi ya akiba. Alipata jeraha la kichwa lililomwachia kovu ambapo nywele hazikuota tena. Wiki zilizofuata wenye magari waliing’oa mitungi yao kwa makundi wakarudi kwenye petroli na dizeli, na kituo kile kikafungwa kwa zaidi ya mwaka. Marehemu alimwambia mumewe kwamba mtungi mmoja wa jikoni umefanya kazi ambayo wauza dizeli wote wasingeiweza. Mwezi uliofuata alijiandikisha kwenye mafunzo ya ukaguzi.

Ukaguzi wa mtungi hauna maajabu. Mtungi hugongwa na kusikilizwa, humulikwa kwa ndani, kisha hujazwa maji na kusukumwa kupita kiwango chake cha kawaida. Mzuri hutanuka kidogo na kurudi. Mbovu hutanuka na kubaki hivyo. Maji hayalipuki, kwa hiyo mtungi ukishindwa maji humwagika tu. Unaoshindwa hutobolewa, ili asitokee mtu wa kuupaka rangi na kuuza upya.

Mwanzoni, alipofungua karakana yake, alitoboa mwenyewe. Mwaka 2010 alitoboa mtungi wa bwana mmoja, mwenye mtungi akiwa hayupo, na yule bwana aliporudi akadai kwamba uliotobolewa si wake, wake mzima umeuzwa. Alikuja na jamaa zake. Walivunja madirisha ya karakana na kuichoma stoo ya mipira. Marehemu aliwakabili kwa kipande cha bomba, akavunja mbavu za mmoja na kuvunjwa kidole, na wote wakalazwa mahabusu kwenye vyumba vinavyotazamana. Alipotoka alipaka ukutani kwa rangi nyekundu maneno ambayo kila mteja wake anayajua: MTUNGI WAKO, MKONO WAKO. Tangu hapo haukutobolewa mtungi karakanani isipokuwa mwenye mtungi ameshika mpini wa mashine na kuusukuma chini mpaka chuma kitoboke. Binti yake, alipokua, ndiye aliyeiwasha na kuizima. Marehemu alisimama pembeni na chupa ya chai.

Wapo waliotukana huku wakisukuma. Wapo waliolia. Mmoja alimng’ata bega, akapewa kofi moja na kikombe cha chai, akarudi miezi miwili baadaye na mtungi mpya. Hakuna aliyeweza kusema tena kwamba si wake. Kwa miaka kumi na mitano hakuna mtungi uliotoka mikononi mwa Nyundo uliopasuka.

Alimbembeleza kaka yake miaka mingi aachane na dizeli, mpaka mwaka 2020 akageuza mabasi yake yote matatu. Walipozozana juu ya hilo mezani, wifi yake, mke wa kaka, alizoea kuondoa visu kwanza ndipo akae. Siku basi la kwanza lilipotoka, marehemu alipanda na kukaa kiti cha nyuma kabisa, juu ya mtungi, akazunguka nalo mji mzima. Viti hivyo vya nyuma ndipo wanaposukumwa wanafunzi.

Yanayofuata yameandikwa kwa idhini ya kaka mwenyewe. Aliusoma wasifu huu kabla haujapelekwa kuchapwa na kuomba sehemu hii isifutwe.

Jumatatu tarehe 3 Machi mwaka huu, dereva wa kaka alileta basi moja kwa ukaguzi. Binti aliushusha mtungi. Ulikuwa na rangi mpya ya fedha, na marehemu hakupenda rangi mpya. Aliugonga kwa nyundo ya shaba ukatoa mlio mkavu. Akachukua msasa, akasugua. Chini ya rangi zilionekana alama nne za nusu mwezi zilizosagwa zikawa laini, na kila moja imezungukwa na utepe wa bluu, ile rangi ambayo chuma hubaki nayo kikishachomwa. Mtu alikuwa ameuchomelea mtungi masikio ya kuushikilia kwenye chasisi, kisha akayakata. Mtungi wa namna hiyo hupewa ugumu wake kiwandani, na moto wa kuchomelea huuondoa ugumu huo pale unapogusa. Aliupima kwa maji. Ulitanuka, haukurudi.

Alimpigia kaka yake simu palepale, binti akisikia.

“Kaka, nani ameuchomelea huu mtungi masikio?”

Kaka alieleza kwamba ulikuwa unagongagonga barabarani, abiria wanalalamika, akamwita mchomeleaji wa jirani. Akaongeza kwamba asiwe na wasiwasi, masikio yenyewe ameshayakata.

“Masikio umekata, kidonda umeniachia mimi,” marehemu alisema. “Njoo ushike mpini.”

Kaka alisema hatafanywa kichekesho mbele ya madereva wake na mdogo wake wa kike. Yeye si mwenye teksi wa kuokoteza. Baba yao ni mmoja. Marehemu alimjibu kwamba ndiyo sababu amempigia simu yeye mwenyewe badala ya kumtumia ujumbe. Akauweka mtungi kwenye meza ya mashine, akaufunga kwa mkanda, akausubiri mkono wa mwenyewe. Binti alimwomba watoboe waondokane na balaa. Mama alikataa. Sheria aliyoipaka ukutani haikuwa na msamaha kwa ndugu, na kama ingekuwa nao, alisema, wateja wote wangegeuka ndugu kufikia Ijumaa.

Alasiri ya Jumanne tarehe 4 Machi makondakta wawili wa kaka walifika na pikapu. Walisema bosi anataka mtungi wake. Marehemu alisema bosi anakaribishwa.

“Mama, sisi tumetumwa tu,” mmoja alisema.

“Basi mmetumwa vibaya. Mwambieni Mwita Watu aje mwenyewe. Safari hii asiite watu.”

Wakacheka, naye akacheka. Halafu mmoja akaanza kufungua mkanda. Marehemu alimpiga nyundo ya kifundo cha mkono, mfupa ukavunjika na sauti ikasikika mpaka nje. Wa pili aliokota mpini wa jeki akampiga juu ya sikio la kulia. Alianguka. Akainuka, akaukumbatia mtungi kwa mikono miwili na kuulalia, na yule kondakta akampiga tena mgongoni, kisha kichwani, mara ambazo binti hakuzihesabu. Binti alimfungulia kizima moto usoni hadi akapofuka na kupiga magoti, akampokonya kile chuma. Majirani walipomwinua marehemu iliwabidi wamfungue vidole kimoja kimoja. Mkanda haukuwa umefunguka.

Makondakta wote wawili wako mikononi mwa polisi, na yaliyo ya mahakama yataachiwa mahakama. Kaka aliwaambia polisi kwamba aliwatuma wauchukue mtungi, hakuwatuma wapige. Familia inaandika alichosema bila kuongeza wala kupunguza.

Marehemu alipasuliwa siku hiyohiyo kuondoa damu iliyovilia kichwani. Alizinduka kabla ya wiki kuisha, na kwa siku kadhaa alikuwa yeye kabisa. Alimkemea mwanawe muuguzi kwa kumfunga bandeji kama mtu anayefunga mzigo kwenye baiskeli. Wifi yake alimlisha supu kwa kijiko huku analia, naye akamwomba alie upande mwingine kwa kuwa supu ilikuwa na chumvi ya kutosha. Swali lake la kwanza kwa binti lilikuwa mtungi uko wapi. Binti alisema uko mezani, na kwamba anakwenda kuutoboa leo hii.

“Si wako,” mama alisema. “Uache.”

Binti alimkumbusha kwamba ukikaa pale, ipo siku utachukuliwa na kurudi chini ya wale wanafunzi. Mama alisema anajua. Akamwagiza alale na ufunguo wa karakana.

Kaka alikuja hospitali kila siku na kuishia mlangoni. Tarehe 15 Machi marehemu alimwita aingie. Taratibu alikuwepo chumbani, na maneno yanayofuata ni kama anavyoyakumbuka.

“Siku ya baba ulikwenda kuita watu,” marehemu alisema. “Ulifanya sawa, ulikuwa mtoto. Bila wale watu nisingeweza kumbeba. Juzi umeita watu tena. Sasa njoo wewe.”

Kaka alimwuliza kama hawezi kumsamehe mpaka mtungi utobolewe.

“Wewe nimeshakusamehe. Mtungi sijausamehe.”

Kaka alivuta kiti. Alikaa mpaka dada yake akapitiwa na usingizi, akamfunika miguu, akatoka.

Damu ilivuja tena kichwani siku nne baadaye, na safari hii hakuzinduka. Alifariki dunia Jumapili tarehe 23 Machi 2025, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Jumatano kaka alifika karakanani peke yake, akitembea kwa miguu. Mabasi yake yote ameyasimamisha. Aliutazama mtungi, akayapapasa yale makovu manne ya bluu kwa kidole gumba, akamwuliza binti kama mtu akishika mpini mashine inakata yenyewe.

“Hapana, mjomba,” binti alisema. “Unasukuma.”

Aliinua mkono, akaushusha. Akaomba iwe baada ya mazishi, na madereva wake wote wawepo.

Marehemu ameacha mume, Taratibu. Binti, fundi na mkaguzi mwenye leseni. Mwana wa kiume, muuguzi. Mkwe mmoja na mjukuu wa kike ambaye tayari anarusha vitu. Kaka yake na wifi yake. Ameacha pia mafundi aliowafunza, na rafiki mmoja mwenye pengo la meno mawili.

Mikono iliyoukumbatia mtungi ule imekwisha kufunguliwa. Ipumzike, naye alale kwa amani.

Jumatatu tarehe 31 Machi, saa tatu asubuhi, karakana itafunguliwa. Binti yake atawasha mashine, na kaka yake atashika mpini.